Jinsi ya Kufufua Sakafu ya Mbao Iliyochakaa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi waonapo sakafu ya mbao imekwaruzika, imepoteza rangi, na inalia kila ikikanyagwa, husema kwamba imekwisha, nao humwita fundi aje aing'oe na kutia saruji au vigae mahali pake. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, na hasa wazazi wetu, kwamba mara nyingi hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Aghalabu kilichochakaa ni ngozi ya sakafu tu, na mwili wake ungali mzima.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5. Eneo lake ni mita za mraba 14. Ikiwa mbao zake zina unene wa milimita 20, ujazo wa mbao zote ni lita 280, yaani madebe 14 ya lita 20 kila moja. Sasa, mikwaruzo, weusi na vanishi kuukuu havipiti kwenda chini sana. Kwa kawaida ukiondoa milimita moja, au pungufu yake, utafika kwenye mbao safi. Milimita moja ya chumba kile ni lita 14 tu, debe moja halijai. Basi mtu anayeing'oa sakafu hiyo hutupa madebe 14 ya mbao nzuri ili aondokane na debe moja lisilojaa.

Mambo haya nimeyajua kwa mikono yangu. Nyumba yetu iko Lushoto, nayo ni nyumba ya zamani yenye sakafu ya mvule iliyopigiliwa juu ya boriti. Mwaka jana kibanzi cha sakafu hiyo kilimchoma bibi yangu unyayoni. Bibi ana ugonjwa wa kisukari, na wenye ugonjwa huo mara nyingi hupungukiwa na hisia za miguu; kwa hiyo hakujua kwamba amechomwa mpaka kidonda kilipotunga usaha. Alilazwa siku tisa, na kwa siku mbili tuliogopa kwamba atakatwa kidole. Aliporudi, baba alisema sakafu yote ing'olewe na kutiwa vigae. Gharama tuliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko ada ya mwaka mzima ya dada yangu aliye chuoni. Baba mdogo, ambaye ni seremala, akamwomba baba ampe siku kumi za likizo. Baba alikubali kwa sharti moja: siku ya mwisho yeye mwenyewe apitishe fundo la pamba juu ya kila ubao, na pamba ikikwama mahali popote, sakafu ing'olewe. Mimi nilifanywa msaidizi wa kazi hiyo.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, yafaa tujue ni kitu gani kinachoichakaza sakafu. Adui wa kwanza ni mchanga. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko mbao yoyote, hata mpingo. Mtu aingiapo na viatu vyenye mchanga, kila hatua yake ni sawa na kupiga msasa. Ndiyo maana sakafu huchakaa kwanza mlangoni na katika njia ya kupitia, lakini chini ya kitanda hubaki kama mpya.

Adui wa pili ni maji. Mbao imejaa mirija myembamba ambayo zamani, mti ulipokuwa hai, ilipandisha maji kutoka mizizini. Mbao inyweshwapo maji hutanuka, na ikikauka hunywea. Tena hutanuka kwa upana wake, lakini kwa urefu hubadilika kidogo sana. Ubao unaomwagiwa ndoo ya maji kila juma hutanuka na kunywea pasipo kupumzika, wala pande zake za juu na chini haziendi sawa. Basi ubao hupinda, misumari hulegea, na hapo ndipo sakafu ianzapo kulia. Adui wa tatu ni miguu ya viti na meza inayokokotwa badala ya kuinuliwa.

Kazi ya kufufua sakafu ina hatua tano, na hatua ya kwanza ni kukagua. Baba mdogo alitumia siku nzima kukagua, wala hakugusa randa. Alichukua bisibisi nyembamba akachomeka kila ubao, hasa karibu na kuta na chini ya madirisha. Mbao nzima huikataa ncha ya bisibisi, lakini mbao iliyooza huipokea kama mkate. Kisha alipigapiga kwa mpini wa nyundo akisikiliza. Ubao ulioliwa na mchwa kwa ndani hutoa sauti ya kitu kitupu. Alipima pia unene, kwa maana mbao nyingi za sakafu huunganishwa kwa ulimi unaoingia katika mfuo wa ubao wa jirani. Mbao iliyo juu ya ulimi huo ndiyo pekee inayoweza kupunguzwa, nayo aghalabu haizidi milimita 6 hivi. Sakafu iliyokwisha pigwa msasa mara nyingi huenda haina akiba tena, na hiyo haifai kupunguzwa zaidi.

Liko jaribio lingine ambalo hata mtoto aweza kulifanya. Dondosha tone la maji sakafuni uhesabu dakika tano. Tone likibaki limesimama kama umande juu ya jani la mgomba, basi kinga ya sakafu ingali hai, na huenda yahitaji kusafishwa tu. Tone likinywewa na kuacha alama nyeusi, kinga imekwisha na mbao iko uchi.

Katika mbao zote za chumba cha bibi na sebule, tulikuta mbao tatu tu zilizooza, zote chini ya dirisha moja. Hapa baba mdogo alinifundisha neno kubwa: usitibu mbao kabla ya kutafuta maji yanakotoka. Tulitoka nje tukaona kwamba matundu mawili ya hewa katika msingi wa nyumba yamezibwa na udongo wa bustani, na hewa haikuwa ikipita chini ya sakafu. Tuliyazibua kwanza. Kama tungaliweka mbao mpya na kuyaacha yamezibwa, mbao hizo nazo zingalioza.

Hatua ya pili ni matengenezo. Mbao zilizolegea tulizikaza kwa skrubu zinazofika kwenye boriti, na mlio ukakoma. Misumari yote iliyochungulia tulizamisha vichwa vyake milimita 3 chini ya uso wa mbao, kwa sababu kichwa kimoja cha msumari chaweza kuupasua msasa mzima. Mahali pa zile mbao tatu hatukuweka mbao za dukani. Tuling'oa mbao za chini ya kabati kubwa, ambazo ni za umri mmoja na zile za chumbani, tukazileta dirishani. Mbao mpya tukaziweka chini ya kabati, mahali asipoziona mtu. Matundu madogo tuliyajaza kwa unga wa mbao hiyo hiyo uliochanganywa na gundi ya mbao. Nyufa nyembamba kati ya mbao na mbao tuliziacha. Nyufa hizo hufunguka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa masika. Ukizijaza kitu kigumu, mbao zikitanuka hukosa nafasi.

Hatua ya tatu ni kupiga msasa, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Neno lenyewe ni la kwetu, kwa kuwa msasa ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na wazee waliyatumia kulainishia vyombo vya mti kabla karatasi za msasa hazijaletwa madukani. Msasa wa dukani hujulikana kwa namba: namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na ukali ni mwingi. Sisi tulianza na namba 40, tukaja 80, tukamaliza na 120. Kanuni ni kwamba usiruke namba. Namba 40 huacha mifereo ambayo namba 80 huifuta, na mifereo ya namba 80 hufutwa na 120. Mvivu akitoka 40 akaenda moja kwa moja 120, atasugua kutwa na mifereo itabaki, na ataiona vizuri zaidi baada ya kutia mafuta, wakati umekwisha pita.

Kanuni nyingine ni kufuata nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kukata nyuzi utaichana mbao, na michano hiyo ndiyo mama wa vibanzi. Katikati ya chumba tulitumia mashine ndogo ya mkononi. Pembeni na chini ya madirisha, ambako mashine haifiki, tulikwangua kwa bapa la chuma lililonolewa, kisha tukamaliza kwa mkono. Ukiwa na sakafu ya mvule, usishangae mbao ikitoka rangi ya manjano chini ya msasa. Mvule mpya ndivyo ulivyo; ukipata mwanga siku nyingi hurudi katika rangi yake ya kahawia.

Jambo la vumbi halina mzaha. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua cha watu wengine. Zaidi ya hayo, mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuwa huleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo vaa barakoa nzuri, fungua madirisha, funga milango ya vyumba vingine, na ondoa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Watoto na wagonjwa wasiwepo. Bibi alikaa kwa shangazi mpaka tulipomaliza. Tena, kama sakafu ina rangi ya zamani ya kupaka, usiipige msasa mkavu, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru hasa watoto.

Hatua ya nne ni kuhakikisha. Siku ya saba baba mdogo alichukua fundo la pamba akalipitisha polepole juu ya kila ubao. Kibanzi kisichoonekana kwa macho hushika uzi wa pamba. Pamba ilikwama mahali kumi na moja. Kila mahali tulitia alama ya chaki, tukapiga msasa upya, tukapitisha pamba tena mpaka haikukwama. Nawasihi wote wenye wazee au watoto watambaao nyumbani wasiiache hatua hii, maana macho yaweza kudanganyika.

Hatua ya tano ni kuivika mbao kinga. Ziko kinga za namba tatu zinazojulikana sana: vanishi, mafuta na nta. Vanishi hutengeneza ngozi ngumu juu ya mbao. Huzuia maji vizuri, lakini ikikwaruzika haipokei kiraka kwa urahisi, na pengine hapana budi kuikwangua yote. Hutiwa tabaka nyembamba mbili au tatu, na kila tabaka hukauka kabisa na kupigwa msasa laini kabla ya kutia ijayo. Mwaka mmoja kabla yetu kuanza, fundi mmoja alilipwa kutia vanishi sebuleni kwetu, naye aliimimina juu ya nta na uchafu wa zamani. Kabla ya mwezi kwisha ilibambuka kama ngozi ya nyoka. Vanishi haishiki juu ya nta. Mtiki nao, kwa kuwa una mafuta yake ya asili, hupanguswa kwanza kwa spiriti ili vanishi ishike.

Mafuta, kama yale ya mbegu za kitani, hayakai juu bali huingia ndani ya mbao. Hupakwa kidogo kidogo kwa kitambaa, huachwa nusu saa yanywewe, kisha yaliyobaki juu hupanguswa yote, kwa sababu mafuta yakibaki juu hunata na kukusanya vumbi. Sakafu ya mafuta ikikwaruzika hutengenezwa pale pale palipokwaruzika.

Lakini mafuta haya yana hatari moja ambayo watu wengi hawaijui. Hayakauki kama maji yanavyokauka; huvuta oksijeni ya hewa, na katika kufanya hivyo hutoa joto. Kitambaa kilicholoa mafuta kikikunjwa na kutupwa pembeni, joto halina pa kutokea, nacho chaweza kuwaka moto chenyewe pasipo mtu kukiwasha. Tarehe 23 Februari 1991, katika mji wa Philadelphia, Marekani, moto ulizuka katika ghorofa ya 22 ya jengo lenye ghorofa 38 liitwalo One Meridian Plaza. Chanzo chake kilikuwa vitambaa vyenye mafuta ya kitani vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakitengeneza mbao za kuta. Wazima moto watatu walikufa. Basi kila jioni vitambaa vyetu tulivitandaza nje kimoja kimoja vikauke, au tukavizamisha katika ndoo ya maji.

Nta hutiwa juu ya mafuta yaliyokauka ili kuleta mng'ao. Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi. Iyeyushe katika bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha iondoe motoni na kuipeleka mbali na jiko kabla ya kuichanganya na tapentaini, kwa kuwa tapentaini hushika moto upesi. Paka nyembamba, acha, halafu sugua kwa kitambaa cha sufu. Sebuleni tulitia nta. Chumbani mwa bibi hatukutia. Tulimalizia kwa mafuta peke yake, kwa sababu nta huteleza, na kuanguka kwa mzee si jambo dogo.

Siku ya kumi baba alikuja na pamba yake. Alianza mlangoni, akapiga magoti, akaenda ubao baada ya ubao mpaka chini ya kitanda. Ilimchukua muda wa saa moja. Alipoinuka hakusema neno juu ya vigae, ila alimwuliza baba mdogo ni mafuta kiasi gani yaliyobaki kwa ajili ya ukumbi. Ada ya dada ililipwa muhula ule.

Lakini kufufua sakafu ni kazi ya siku kumi tu, na kuitunza ni kazi ya kila siku. Utunzaji wenyewe si mgumu. Kila siku, fagia kwa ufagio laini kabla mchanga haujakanyagwa. Mlangoni weka kitu cha kupangusia miguu, kimoja nje na kimoja ndani. Kila juma, pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone. Usimwage ndoo ya maji. Maji au chai ikimwagika, ipanguse saa ile ile. Usitumie sabuni kali wala magadi, kwa kuwa huondoa kinga na huweza kuzitia weusi mbao zenye tanini. Usipake mafuta ya taa. Hayalindi mbao, nayo hukaribisha moto. Chini ya miguu ya viti gundisha vipande vya blanketi kuukuu. Mara moja kwa mwaka rudia jaribio la tone la maji katika njia ya kupitia, na tone likinywewa tia mafuta mahali pale kabla mbao haijaanza kuchakaa. Kazi hiyo ya mwaka huchukua asubuhi moja.

Iko sababu nyingine ya kuzitunza sakafu hizi, nayo inatuhusu sote. Mvule, mninga na mkongo ni miti inayokua polepole. Mti unaoweza kutoa mbao pana za sakafu huwa umeishi miongo mingi, na anayeupanda leo huenda asiuone ukikatwa. Mtiki wa mashamba ya serikali, kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, umesaidia kupunguza mzigo wa misitu ya asili, lakini nao si mahindi ya kuvunwa kila mwaka. Misitu ya miombo ya upande wa Tabora hutupa mninga, na nyuki wa misitu hiyo hiyo hutupa nta ya kuulindia mninga huo ukiwa sakafuni. Anayetupa mbao nzima kwa sababu ya mikwaruzo hatimaye hudai mti mwingine ukatwe.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na wenzangu: yeyote mwenye sakafu ya mbao nyumbani, kabla ya kukubali ing'olewe, aazime bisibisi, aichomeke katika mbao kumi za mahali mbalimbali, na adondoshe tone la maji mlangoni na jingine chini ya kitanda. Kisha amwite seremala, amwambie aliyoyaona. Mbao zikiwa zimeoza nyingi, hapana hasara, atakuwa amepoteza nusu saa. Zikiwa nzima, na anunue msasa namba 40, 80 na 120, asubiri likizo, awape watoto wake kazi.